Kizibo cha Acha Waseme

Fundi Owuor alitaka kufungwa, na jambo hilo lilimkera Inspekta Anena kuliko yote aliyoyasikia wiki ile. Watu waliokalishwa kwenye kile kiti kibovu cha chumba cha mahojiano kwa kawaida walikana hata majina ya mama zao. Huyu alikuwa anadai kalamu.

"Leteni hiyo karatasi nitie sahihi tumalize, madam," alisema. Alikuwa amelaza mikono yenye pingu mezani, mikono mipana yenye rangi nyekundu iliyoganda kwenye kucha. "Pamba niliyoiweka mimi imeachia. Maji yameingia. Nyongesa amekufa. Sasa unaniuliza nini tena?"

"Nakuuliza ulivyofanya kazi."

"Vibaya."

"Sikuuliza vizuri wala vibaya. Niambie ulianza wapi, ukaishia wapi."

Kando ya kiti kulikuwa na bakuli la plastiki lenye mabaki ya wali na samaki. Anena aliliangalia. Chakula cha selo hakikuwa na samaki.

"Nani amekuletea?"

"Mzee Opoka. Tangu Jumapili ananiletea." "Mimi nimemuulia mwenzake, yeye ananiletea chakula. Ndiye amenishauri nikubali mapema. Anasema jaji atanihurumia. Mimi sitaki hata huruma."

Habari yenyewe ilikuwa fupi, na kituo kizima kilishaiamua. Mashua iitwayo Acha Waseme, ya mbao, yenye tanga moja kubwa, moja kati ya chache zilizokuwa bado zinabeba makaa kutoka visiwani hadi Luzira, ilizama Jumamosi usiku ikiwa imetia nanga, ziwa limetulia kabisa. Ilikuwa na injini, lakini nahodha wake, Nyongesa, alipenda tanga kwa sababu upepo hauuzwi kwa lita. Nyongesa alikuwa amelala ndani, katika kijumba kidogo cha mbele. Mashua ilipoinama, magunia ya makaa yakauporomokea mlango. Jumapili asubuhi mwenzake waliyeimiliki naye nusu kwa nusu, sajini mstaafu Lawrence Opoka, alizama chini kuangalia hasara, akaibuka na maiti mikononi. Owuor ndiye aliyeifanyia mashua ukarabati wa mwisho. Basi, nani mwingine? Saa nane mchana afikishwe kortini.

"Anza," Anena alisema.

Owuor akashusha pumzi. "Tuliipandisha juu kabla ya mvua kubwa. Nikakwangua majani na konokono. Nikang'oa pamba kuukuu kati ya mbao, nikashindilia mpya kwa patasi na nyundo, mstari kwa mstari. Nikapaka rangi nyekundu. Mwisho, kizibo."

"Kizibo gani?"

"Chini kabisa, upande wa nyuma, kando ya mkuku, ule mti mrefu ulio uti wa mgongo wa boti, kuna tundu. Boti ikipanda nchi kavu, unatoa kizibo, maji yaliyo ndani yanamwagika. La sivyo uzito wa maji unaivunja mgongo." Watu wa pwani hukiita nguruzi, hapa ziwani ni kizibo tu. "Kabla ya kurudi majini, nalala chini yake, napigilia kizibo kutoka nje. Kipande cha mti, huku kinene, huku chembamba. Ncha inatangulia ndani, kichwa kinabaki nje. Maji yakisukuma, yanakikaza. Ukikipiga kutoka ndani, maji yanakutolea. Hapo umejichimbia kaburi."

"Na kukitoa?"

"Kwa koleo. Kichwa nakiacha nje kidogo, kama upana wa kidole, nipate pa kushika. Nazungusha, navuta. Na anayekitoa ni fundi aliyekipigilia, si mwingine. Ndivyo tunavyofanya."

"Tangu ulipoirudisha majini, Nyongesa alilalamika inavuja?"

"Hapana. Alisema angeweza kutandika shuka nyeupe chini mle na kulala."

"Pamba mbovu huachia lini?"

Fundi alianza kukwangua rangi kwenye ukucha.

"Owuor, nimekuuliza."

"Siku za mwanzo," alijibu polepole. "Mara nyingi, siku za mwanzo. Madam, tafadhali. Usinitafutie mlango wa kutokea. Nyongesa alikuwa rafiki yangu, tulitoka Kenya pamoja."

Anena alisimama akafungua mlango. Konstebo Okwera alikuwa nje, ufunguo wa gari mkononi, tayari kuelekea kortini.

"Tunaenda Luzira kwanza. Leo boti inapandishwa, na fundi wake lazima awepo."

"Afande, mkuu amesema saa nane..."

"Amesema, nimesikia. Kwa hiyo endesha haraka."

* * *

Pale ufukweni, watu walikuwa wamejaa kama siku ya mnada. Mteremko wa saruji ulishuka hadi majini, na juu yake Akram, bosi wa wavutaji, alikuwa anapanga magogo ya kuviringishia. Alikuwa Muganda wa Luzira, mnene, mwenye filimbi shingoni na hasira za karibu. Kebo ya chuma ilitoka kwenye winchi ya lori, ikaingia ziwani na kupotea. Wapiga mbizi wa Akram walikuwa wameizungushia tumboni mwa mashua kwa nje. Kilichoonekana cha Acha Waseme kilikuwa mlingoti tu, umeinama, na ndege mmoja mweupe kileleni.

"Nyara!"

Opoka alikuja akichechemea kidogo, kofia ya jeshi iliyopauka kichwani. *Nyara*, binti yangu, ndivyo alivyomwita Anena tangu enzi za kambi, wakati baba yake Anena na yeye walipokuwa wakivaa gwanda moja. Opoka alikuwa mwanajeshi wa majini. Ndiye aliyemfundisha Anena kuogelea, hapa hapa Luzira, kwa kumtupa majini na kucheka.

"Ladit," Anena alimwamkia kwa heshima ya kwao. "Umelala?"

"Nilale wapi? Naona tu yule mutu." Macho yake yalikuwa mekundu kweli. Akamwona Owuor akishushwa garini, akashusha sauti. "Hii kazi ya kuvuta boti ya nini, nyara? Huyu amekubali. Wacha boti ipumzike. Mutu amefia ndani yake."

"Sheria inataka niione."

"Sheria," Opoka alisema, akatikisa kichwa.

Nyuma yake alisimama msichana aliyejifunga leso nyeusi kichwani. Huyu alikuwa Teresa, binti wa Nyongesa, mwanafunzi aliyekuwa akiishi hosteli Wandegeya. Hakumwangalia Anena. Alikwenda moja kwa moja hadi mbele ya Owuor.

"Anko Owuor, ni kweli? Umemuua baba kwa uzembe wa pamba?"

"Ndiyo, mtoto wangu," Owuor alisema.

Teresa akatema mate chini, karibu na viatu vya fundi, akarudi kusimama na Opoka. Owuor hakusogea. Okwera, ambaye hakuwa mtu wa kuonea huruma mahabusu, alitazama pembeni.

Akram akapuliza filimbi, akaamuru wavute. "Sika!"

"Sika!" wakaitikia wavutaji, na kamba zikakaza. Winchi ikanguruma. Kwa muda hakuna kilichotokea, isipokuwa ile kebo kulia kwa sauti nyembamba iliyowafanya watu warudi nyuma bila kuambiwa. Kebo ya namna ile ikikatika humkata mtu. Kisha mlingoti ukatikisika, ndege akaruka, na maji yakaanza kuwa meusi kwa makaa.

"Polepole!" Anena alisema.

"Nyabo, polepole ndiyo hii!" Akram alijibu, akimwita bibi kwa Kiganda.

Ukatoka ubavu kwanza, mwekundu chini ya tope. Ikafuata mbele iliyochongoka yenye maandishi ya njano, ACHA WASEME, herufi ya mwisho imekwanguka. Kisha mashua nzima ikapanda juu ya magogo, moja baada ya jingine, ikiwa imejaa maji mpaka ukingoni, ikilia kila kiungo. Anena alijikuta amekunja ngumi. Ilikuwa mbao tu na misumari, na tumboni ina maji mazito kuliko makaa iliyokuwa ikibeba.

"Ona! Ona, madam!" Owuor alikuwa akionyesha kwa mikono miwili iliyofungwa. "Si nimekwambia?"

Ubavuni, kati ya mbao mbili, pamba ilikuwa imetoka na kuning'inia, urefu wa mkono. Umati ukaguna. Mtu mmoja nyuma alisema afungwe, mwingine akasema kufungwa ni kidogo.

Anena alikwenda akachuchumaa chini ya ubavu. Aliifuata pamba kwa kidole. Pale ilipochomoka, rangi nyekundu ilikuwa imekwanguliwa na mti kuonekana, wa manjano, mbichi, bila chembe ya tope. Mkwaruzo ulishuka chini kwa mstari mnene. Alizunguka upande wa pili. Ulikuwepo mwingine, sawasawa na wa kwanza.

"Akram, kebo yako ilipita hapa?"

Akram akaangalia, akajikuna shingo. "Imepita hapo, nyabo."

"Basi hii pamba imetolewa na kebo asubuhi ya leo. Si Jumamosi." Akamgeukia Okwera. "Piga picha pande zote mbili."

"Sawa, tumeona," Akram alisema. "Sasa tutoe maji. Pampu haivuti, makaa yameiziba. Tutoe kizibo."

"Bado."

"Bado? Nyabo, hii boti itavunjika mugongo!"

"Nimesema bado. Mtu yeyote asiguse."

Akram alitupa kofia chini. Alisema maneno ya Kiganda ambayo Anena aliamua kutoyaelewa. Wavutaji waliparamia mashua na ndoo, wakaanza kuchota maji na kuyatupa, lakini ilikuwa kama kuchota ziwa lenyewe.

Anena akawasha tochi ya simu na kuanza kuzunguka, ameinama, uso karibu na mbao. Hapa ndipo alipokuwa amekusudia kufika tangu alfajiri, na hakuwa na hakika. Mashua ilizama kwa kuingiza maji. Sasa maji yalikuwa ndani na nje ni hewa. Mahali palipoingiza lazima pangetoa. Kama kazi ya Owuor ilikuwa mbovu, ingetiririka mbele ya macho yake, na mtu angekwenda jela kihalali.

Alipita mbele. Kavu. Akapita chini ya tumbo, pale mbao zinapokutana na mkuku, mahali pabaya kuliko pote. Palikuwa na unyevu, hapakuwa na mtiririko. Pale palipong'olewa na kebo palitoa matone, tone, tone, kama bomba lisilofungwa vizuri. Kwingine kote hakuna kitu. Juu yake mbao zililia.

"Owuor, njoo. Okwera, mlete."

Fundi alisogezwa chini ya mashua yake. Alitazama mistari yake mmoja mmoja.

"Inavujia wapi?" Anena aliuliza.

"Sioni."

"Tafuta vizuri. Si ulikuwa unadai kalamu?"

"Madam, sioni." Alipapasa ubao kwa kiganja. "Imeshika. Yote imeshika. Sasa maji yaliingilia wapi?"

Hapo hapo ndani ya mashua kitu kikalia, *kaa!* Taruma moja, mti wa kiunzi unaoshikilia mbao, lilikuwa limepasuka. Mashua ikaegemea upande, gogo likasogea, na wavutaji wakaruka chini wakipiga kelele.

"Koleo!" Akram alinguruma. "Leteni koleo! Natoa hicho kizibo, polisi anikamate!"

Mtu mmoja akakimbilia stoo. Anena alifungua mdomo kumzuia Akram, kisha akaona mtu mwingine amewatangulia wote. Opoka alikuwa ameshapiga magoti chini ya tezi, kule nyuma kabisa, mashua imemning'inia kichwani. Mkono mmoja ulishika nyundo, mwingine kipande cha nondo.

"Ladit! Toka hapo!"

"Inavunjika, nyara! Naitoa mimi!"

"Toka, itakulalia!"

Ilibidi Anena amvute kwa ukosi wa shati. Wote wawili wakaanguka kwenye saruji iliyolowa. Opoka alikuwa akihema. Nyundo ilikuwa bado mkononi mwake, na Anena aliitazama ile nyundo.

"Nyundo ya nini?" aliuliza.

"Ya kizibo."

"Akram ameagiza koleo."

"Koleo, nyundo, yote ni sawa. Maji yatoke."

"Si sawa, Mzee," Owuor alisema, bila ubaya wowote, fundi akimsahihisha mwenye boti. "Ukikipiga nyundo kutoka chini unakikaza. Unajua hiyo. Umeniona nikikitoa mara ngapi?"

Anena aliinuka, akalala chali, akajisukuma chini ya tezi hadi maji machafu yakampenya mgongoni. Ubao ulikuwa karibu na pua yake. Alilenga tochi kando ya mkuku, akatafuta kichwa kinene cha mti, kilichopakwa rangi nyekundu, kimetokeza upana wa kidole.

Hakikuwepo. Palikuwa na ncha. Ncha nyembamba, nyeupe, isiyo na rangi, imechomoza kutoka ndani ya mashua kuja nje.

"Owuor, kizibo chako ulikipaka rangi?"

"Pamoja na boti yote."

"Njoo utazame."

Alikuja akijiburuta na pingu zake. Alitazama kwa muda mrefu, huku mbao zikilia juu ya nyuso zao.

"Hiki si changu," alisema. "Hiki kimewekwa kinyume. Nani mjinga ameweka hivi?"

"Okwera!" Anena aliita. "Chukua koleo, panda ndani. Nyuma kabisa, chini, kando ya mkuku. Kichwa kiko huko ndani. Kivute juu, na kikitoka usikifute. Umesikia? Usikifute hata kidogo."

Okwera alivua viatu na kuingia kwenye maji meusi hadi kifuani. Alivuta pumzi, akazama. Aliibuka mikono mitupu, akatema makaa, akazama tena. Teresa alikuwa ameshika ncha ya leso yake kwa meno.

Kisha chini ya tezi maji yakafyatuka, meusi, mazito, yakapiga saruji na kukimbilia ziwani. Mashua ikatoa mlio mrefu, ikalegea juu ya magogo yake. Akram alisema "Alhamdulillah" na kukaa chini palepale alipokuwa.

Okwera akampa Anena kizibo. Kilikuwa kipande cha mti kilichochongwa kwa kisu, kwa haraka. Kimepakwa tope la kijivu kutoka kichwani hadi karibu na ncha, tope laini, limejaa kwenye kila mkato wa kisu.

"Owuor, ulipopigilia kizibo chako, tunduni mlikuwa na tope?"

"Tope litoke wapi, madam? Tuko juu ya saruji. Tundu unalifuta kwa kitambaa."

"Basi hili ni tope la chini ya ziwa." Anena alisema kwa sauti ya kawaida, lakini watu walikuwa wamesogea na kila mtu alisikia. "Mtu alikigongomoa kizibo cha Owuor Jumamosi usiku, kutoka nje, chini ya maji. Boti ikajaa, ikakalia tope, tope likapanda tunduni. Baadaye mtu akaja na kizibo kingine ili ionekane pamba ndiyo iliyoua. Kwa nje hakuweza, boti imekalia tundu. Akakipiga kutoka ndani. Okwera, nani aliingia ndani ya boti hii baada ya kuzama?"

Okwera alikuwa anatetemeka kwa maji. "Tunalinda hapa kwa zamu tangu Jumapili, afande. Wapiga mbizi wa kebo walikaa nje. Ndani hakuingia mtu." Akamtazama Opoka. "Isipokuwa Jumapili asubuhi."

Hakumaliza. Hakukuwa na haja. Jumapili asubuhi watu hawa hawa walikuwa wamesimama hapa wakimlilia Opoka na kumshangilia kwa pamoja.

"Ladit," Anena alisema. "Polisi wa majini walikuwa njiani. Ulisema huwasubiri, unaenda kuangalia injini."

"Nilienda kuangalia injini."

"Na leo umechukua nyundo. Kila mtu hapa ameita koleo, wewe ukachukua nyundo. Kabla hata mimi sijalala chini kutazama. Ulijuaje kwamba hiki cha leo hakivutwi, kinagongwa?"

Opoka aliiweka nyundo chini.

"Mzee," Teresa alisema. Alikuwa amemsogelea. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu anayejiuliza mwenyewe. "Jumamosi jioni ulinipigia simu. Uliniuliza kama baba ameshafika Wandegeya."

"Teresa..."

"Kila Jumamosi anakuja kwangu, unajua. Nikakwambia yuko njiani. Halafu yeye akaniandikia kwamba homa imemshika, atalala botini." "Sikukupigia tena. Ningekupigia kwa nini? Nilidhani unamsalimia tu."

Yule mzee alikaa chini juu ya gogo. Kofia ikamwanguka, hakuiokota.

"Alikuwa anaondoka," alisema. "Jumatatu. Anarudi Kenya na boti. Anasema nusu yangu atanitumia, polepole. Mimi nabaki hapa na nini? Nakaa Kawempe naangalia ukuta? Nilimuomba, nikamuomba, hakusikia." Alijifuta uso kwa mkono wenye tope. "Nilitaka tu boti ikae chini, moyo yake ipoe. Boti ya mbao haikufi ikizama, unaivuta, unaikausha. Niliuliza kwanza. Wewe ulisema iko njiani. Jumapili mimi nilienda chini na kizibo ingine, nikapiga, nikaenda mbele, nikasogeza gunia ya mlango... na yeye alikuwa pale pale. Anaangalia mimi."

Teresa alitoa sauti ambayo Anena asingependa kuisikia tena. Wanawake wawili kutoka kwenye umati walimshika.

Okwera alikuwa ameshafungua pingu za Owuor. Alisimama nazo, anamwangalia Anena, hajui ampe nani. Anena akazichukua.

"Mikono, Ladit."

Alinyoosha mikono mwenyewe. Pingu zilikuwa bado na joto la mtu mwingine.

Owuor alikuwa amebaki pale pale chini ya ubavu, viganja vyote viwili juu ya mbao. "Madam," aliita. "Kwa hiyo pamba yangu?"

"Pamba yako ilishika, fundi. Umeiona mwenyewe. Ilishika mpaka mwisho."

Alitikisa kichwa mara kadhaa, kama anayesikiliza maelekezo ya njia. Kisha akalia kwa sauti, mtu mzima, bila kujificha. Siku zote zile selo hakuwa ametoa chozi. Alipomaliza alipenga kamasi, akatazama jua, na kumwambia Akram aache kusimama tu: boti imwagiwe maji upesi, ikikauka na jua hili mbao zitasinyaa na kufunguka zote, na hapo ndipo itakapovuja kweli. Akaokota ndoo. Aliporudi mara ya pili kutoka ziwani, Teresa alikuwa mbele yake ameinama, anajaza ndoo nyingine, leso nyeusi imemwangukia mabegani. Hawakusemeshana. Walimwagia ubavu mmoja, wakahamia mwingine.

Garini Opoka alikaa nyuma na Okwera, Anena mbele. Walikuwa wanakaribia soko la Nakawa, foleni imesimama, wachuuzi wanagonga vioo, mzee alipoongea.

"Nyara."

"Naam, Ladit."

"Andika kwamba sikujua yuko ndani."

"Nitaandika."

"Andika kama nilivyosema. Kwamba niliuliza kwanza."

"Nitaandika kwamba uliuliza kwanza na kwamba hukujua," Anena alisema, macho barabarani. "Halafu nitaandika samaki uliompelekea Owuor selo, na ulichokuwa unamwambia akila: kwamba akubali mapema."